Mvua ya Mawe, Bonasi na Ubongo

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL mjini London, wakiongozwa na Archy de Berker, walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu kidogo. Watu 45 waliketi mbele ya kompyuta wakacheza mchezo wa mawe na nyoka. Jiwe lilipotokea kwenye skrini, mchezaji alikisia kama chini yake pana nyoka au hapana. Nyoka akiwapo, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, tena ya kuuma. Muda wote huo watafiti walipima jasho la ngozi na kutanuka kwa mboni za macho. Mtu angedhani aliyejua kwa yakini kwamba shoti inakuja ndiye angehangaika zaidi. Ikawa kinyume. Waliohangaika kuliko wote ni wale wa nusu kwa nusu, wasioweza kusema kama safari hii nyoka yupo au hayupo. Mwenye hakika ya maumivu alitulia kuwashinda.

Mchezo huo wakulima wa chai wa Sotik, kaunti ya Bomet, na jirani zao wanauchezea shambani, mwaka mzima. Mkulima mwenye chai yake ndogo hupeleka majani mabichi kituoni, yakapimwa, akaandikiwa kilo zake, na mwisho wa mwezi akalipwa malipo ya awali kwa kila kilo. Malipo hayo ni ya unga na sabuni. Fedha yenye uzito, ya kulipa karo na kuezeka nyumba, ni bonasi ya Oktoba. Mwezi wa Julai hajui itakuwa ngapi. Agosti hajui. Septemba redio huanza kutaja viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, ambavyo kwa miaka kadhaa sasa vimewalipa wakulima wao bonasi nono kuliko vya huku magharibi, na hapo ndipo watu huanza kuulizana kwa sauti ya chini kituoni. Kufikia wakati huo mkopo wa sacco umeshachukuliwa kwa tumaini la bonasi, daftari la dukani limejaa, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Isitoshe, mara nyingi namba ya mkulima iliyoandikishwa kiwandani ni ya baba, ilhali mikono inayochuma ni ya mama, kwa hiyo mama hana yakini hata ya hicho kitakachojulikana.

Juu ya hayo kuna mawingu. Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mawe ya muda mfupi tu ya alasiri yanatosha kuliacha shamba vijiti vitupu, na majani ya kuchumwa yasionekane kwa wiki kadhaa. Kibarua wa mashamba makubwa naye ana wingu lake, yaani mashine ya kuchuma. Mei 2023 mashine hizo zilichomwa moto Kericho, na waliozichoma walijulikana kama wahuni. Wengi wao, naamini, walikuwa watu waliochoka kungoja kuambiwa ni zamu ya nani kufutwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Sonona na wasiwasi uliopita kiasi, tunavyoviona katika nchi ya chai, tumezoea kuvieleza kwa umaskini, kwa pombe, kwa laana ya ukoo au kwa upungufu wa imani. Nadhani tumeruka sababu iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni kutojua. Sayansi ya ubongo imelionyesha jambo hilo kwa ushahidi ambao sehemu yake kubwa, kwa bahati ambayo hatujaitumia, imekusanywa hapa hapa Kenya.

Hofu ikiingia, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu. Haipothalamasi huipokea, ikaamsha tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ikaamsha tezi zinazokaa juu ya figo, na hizo zikamwaga homoni ya kotisoli ndani ya damu. Sukari hupanda, mwili hukaza, mambo yasiyo ya dharura kama mmeng'enyo na uzazi huwekwa kando. Kwa dakika chache hiyo ni neema, kwa sababu ndiyo inayomwokoa anayefukuzwa na nyati. Breki ya mfumo huu ni pamoja na hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, ambayo ina vipokezi vingi vya kotisoli; ikiona imezidi, hutuma neno la kupunguza. Taabu ni kwamba breki hiyo ikikaa ndani ya kotisoli kwa miezi, yenyewe huchakaa. Usingizi hukatika alfajiri, chakula hakina ladha, uamuzi mdogo wa kwenda au kutokwenda kituoni huwa mzigo. Si kila anayesongwa huishia kwenye sonona, maana urithi wa ukoo, malezi na magonjwa mengine vina sehemu yake, na wapo wagonjwa wa sonona ambao maisha yao hayana kasoro ya kuonekana. Lakini msongo wa muda mrefu ni mojawapo ya milango mipana ya kuingilia humo.

Kabla ya kufika kwenye ushahidi wetu lazima nitaje aibu iliyotangulia. Ubongo wa Mkenya ulianza kuchunguzwa na watu waliokuwa na jibu mkononi. Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha matokeo ya kupima bongo za maiti za Waafrika mjini Nairobi, akidai kuonyesha kwamba ukuaji wake umekatika njiani. Kisha akaja J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwake yeye sonona kwa Waafrika ilikuwa nadra, kwa kuwa hawana mzigo wa kujitwika lawama. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari, na mwanamke aliyelala kimya nyumbani akikataa kula hakuwa na sababu ya kufikishwa huko. Ilipofika 1979, John Orley na John Wing walikwenda kubisha milango katika vijiji viwili vya Uganda badala ya kungoja hospitalini, wakakuta sonona imeenea huko kuliko kwa wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao. Mwaka huo huo mwanasaikayatria Mkenya David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa kawaida wa zahanati ya mashambani nchini Kenya, waliokuja na maumivu ya kichwa na tumbo, na baadhi yao wakakutwa na ugonjwa wa akili ambao hakuna aliyeuuliza.

Nimeirefusha habari ya Carothers kwa sababu dai lake halijafa. Linaishi kwenye vinywa vyetu wenyewe tunaposema sonona ni ugonjwa wa Wazungu na wa watu wa Nairobi.

Sasa ushahidi. Katika miaka ya 1980, kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani iliyoko Karen, Nairobi, tumbili kadhaa walikufa wakiwa na vidonda vya tumbo. Walikuwa wamekamatwa porini na kuwekwa pamoja vizimbani, na waliokufa walionekana kuwa wanyonge wa kundi, walioumwa na kuonewa bila pa kukimbilia. Bongo zao zilipochunguzwa zilikutwa na uharibifu ndani ya hipokampasi, kwenye breki ile ile. Matokeo yalichapishwa 1989 na Hideo Uno na wenzake, akiwamo Suleman wa taasisi hiyo na Mmarekani mmoja kijana, Robert Sapolsky.

Sapolsky alikuwa mgeni wa kudumu wa ujirani wetu. Ukitoka Sotik ukapita Kaplong na Bomet, ukaendelea kusini, hata siku haijaisha utakuwa Maasai Mara. Huko, tangu 1978 na kwa zaidi ya miaka 20, yeye alikuja karibu kila mwaka kuwafuata nyani. Aliwapulizia sindano ya usingizi kwa mrija, akawachukua damu upesi kabla mwili haujabadilika kwa hofu ya kushikwa, akapima kotisoli. Madume wa daraja la chini walikuwa na kotisoli ya juu hata siku za utulivu. Hilo ndilo lililomfanya ajulikane. Mimi nimevutwa zaidi na sehemu ya pili ya matokeo yake, isiyotajwa sana: ngazi ya vyeo ilipovurugika, ikawa hakuna dume anayejua leo atampisha nani na nani atampisha yeye, nafuu ya wakubwa ilitoweka. Cheo kilikuwa kinga pale tu kilipokuwa na uhakika.

Kuna pia kisa cha kundi moja la Mara ambalo madume wake wakali zaidi walikuwa wakivamia jalala la hoteli ya watalii. Katikati ya miaka ya 1980 wakala nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe wakafa. Waliobaki walikuwa wapole, na miaka kumi baadaye, ingawa madume wengi walikuwa wageni waliohamia, kundi liliendelea kuwa la upole, na wanyonge wake hawakuwa na dalili za msongo walizokuwa nazo wanyonge wa makundi mengine. Sapolsky na Lisa Share waliyaandika hayo 2004. Msomaji asije akadhani namfananisha mchuma chai na nyani. Vint na Carothers walitutosha. Wafanyakazi wa serikali ya Uingereza nao walichunguzwa na Michael Marmot, ikaonekana wa ngazi za chini wanakufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi kuliko mabosi wao, na hao walikuwa Wazungu wenye mishahara, ofisi na pensheni.

Utafiti ulioigusa nchi ya chai moja kwa moja ulifanyika Kianyaga, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Johannes Haushofer, Mjerumani aliyesomea sayansi ya neva kwanza na uchumi baadaye, na aliyeanzisha kituo cha Busara Nairobi, alishirikiana na Matthieu Chemin na Joost de Laat kuuliza swali la msingi: je, hali ngumu ndiyo inayoleta msongo, au watu wenye msongo ndio wanaoishia kwenye hali ngumu? Walikusanya mate ya wakulima wa Kianyaga na mate ya mafundi wa chuma wa jua kali mjini Nairobi, maana kotisoli hupimika kwenye mate. Kisha wakachukua picha za setilaiti za mvua. Mvua ni riziki kwa mkulima, na kwa fundi wa chuma si kitu kikubwa. Na hakuna anayeweza kusema mvua ilikosa kunyesha kwa sababu mkulima alikuwa na mawazo. Matokeo yalichapishwa 2013. Mvua ilipopungua, kotisoli ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wakulima kuliko kwa mafundi. Tena haikupanda siku ile ile. Ilichukua siku 10 hadi 20. Huo ndio muda wa mtu kutazama mbingu, kukadiria hasara, kupiga hesabu za madeni usiku, na kuona hazitoshi.

Sijasikia aliyekuja kupima mate ya Sotik baada ya mvua ya mawe, na sina sababu ya kuamini yangetofautiana na ya Kianyaga.

Hapa wataalamu wanagawanyika, na ugomvi wao una maana kwetu. Upande mmoja wanasema mpe mtu fedha. Huko Rarieda, Siaya, Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopewa fedha bila masharti, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba wapokeaji walikuwa na furaha na utulivu zaidi, ingawa kotisoli yao kwa wastani haikushuka. Wapokeaji wa kila mwezi walielekea kupata nafuu ya chakula. Waliopewa kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu. Mwaka 2020, wakiwa na Robert Mudida wa Chuo Kikuu cha Strathmore, walileta jambo lililowaudhi wengi. Kati ya watu 5,756 wa vijijini Kenya, wengine walipewa fedha, wengine wiki tano za ushauri nasaha wa mpango wa Shirika la Afya Duniani, wengine vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja fedha ilikuwa imeinua maisha na moyo. Ushauri peke yake haukuacha alama iliyopimika, hata kwa waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo.

Upande wa pili una ushahidi wake pia. Mpango huo huo wa ushauri ulijaribiwa mjini Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, ukawapunguzia mateso. Richard Bryant na wenzake walichapisha 2017. Halafu kuna Shamiri, kazi ya Mkenya Tom Osborn. Vijana waliomaliza sekondari juzi juzi waliketi na wanafunzi kwa vikundi, wiki nne, wakazungumza kuhusu kukua, kushukuru na kile mtu anachokithamini. Jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa 2021 lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Hakukuwa na daktari chumbani.

Mimi nazisoma tafiti hizi hivi. Mwanafunzi ambaye kinachomsumbua ni jinsi anavyojiona, na mwanamke anayebeba jambo lililokwisha tendeka, wanaweza kusaidiwa sana na mazungumzo, kwa kuwa jambo lenyewe linaweza kugeuzwa na kutazamwa upya. Mkulima anayengoja tangazo la Oktoba anateswa na jambo ambalo halijatokea. Ukimwambia apumue polepole atapumua, kisha atarudi nyumbani kukuta karo ile ile na wingu lile lile. Ushauri nasaha usifutwe; ila usitumiwe kama kitambaa cha kufunikia hesabu mbovu za viwanda. Dawa nazo zina nafasi yake. Amitriptilini na fluoksetini zimewainua wengi, hata kama ile hadithi rahisi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini imepingwa vikali na mapitio ya Joanna Moncrieff na wenzake ya 2022.

Wazee wetu huenda walilijua hili bila maabara. Mwanaanthropolojia Sara Harkness aliishi katika jamii ya Kipsigis ya Kokwet miaka ya 1970, na mwaka 1987 akaandika kuhusu huzuni ya baada ya kujifungua. Kwa akina mama wa Kokwet hakuiona kama alivyoijua kwao Marekani. Alieleza kwamba mila zilimzunguka mzazi mpya: apumzike, alishwe, atembelewe, apewe heshima. Kwa tafsiri yangu, mila hiyo ilikuwa pia ratiba. Mama alijua kesho nani atakuja na nini. Hakuwa peke yake, na hakuwa gizani. Mwenye kutaka kuyasifu ya zamani asivuke hapo, kwa sababu mila hizo hizo zilikuwa na ukatili wake kwa mwanamke.

Watu wa viwanda watanijibu kwamba bei ya chai hupangwa mnadani Mombasa na thamani ya shilingi hupangwa kwingine, na wao hawana uwezo juu ya yoyote kati ya hayo. Ni kweli. Lakini sikuomba bei. Naomba taarifa. Kiwanda kinajua kila wiki kimeuza kilo ngapi kwa bei gani, kinajua gharama zake za kuni na umeme, kinajua madeni yake. Kumtumia mkulima makadirio ya bonasi kila mwezi kwa simu, pamoja na kiwango cha chini na cha juu, hakuhitaji bei ya dunia ibadilike. Mkulima atakayejua mwezi wa Machi kwamba bonasi itakuwa ndogo ataumia mwezi wa Machi, ataenda sacco akiwa na macho, na Oktoba haitamkuta na shoti asiyoitarajia. Wapo wanaohofia kwamba taarifa mbaya mapema italeta maandamano mapema. Na ilete.

Kuhusu mawe, miaka ya 1960 na 1970 kampuni kubwa za Kericho ziligharamia ndege za kumwaga kemikali ya aidaidi ya fedha mawinguni ili kupunguza mvua ya mawe. Fedha ya kuyatibu mawingu ilipatikana. Basi na mwenye ekari yake moja atafutiwe bima ya mawe ya bei anayoiweza, itakayolipa bila kumzungusha, kwa kuwa bima inayozungusha ni nyoka mwingine chini ya jiwe.

Kaunti ya Bomet nayo ina watu tayari. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita boma kwa boma wakiwa na mifuko yenye kipimo cha presha na cha sukari. Maswali 9 ya kupima sonona, yale yanayojulikana kama PHQ-9, yalishapimwa usahihi wake magharibi mwa Kenya, na matokeo yakachapishwa 2009. Kuyauliza ni suala la dakika chache. Ila kuuliza bila pa kumpeleka mtu ni ukatili, kwa hiyo Longisa, Kaplong na Tenwek lazima ziwe na mtu wa kumpokea na dawa za kutosha kabla swali la kwanza halijaulizwa kijijini. Woga mmoja mkubwa angalau umeondolewa: tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kabla ya hapo, anayelijibu kwa ukweli swali la tisa, lile la mawazo ya kujiua, alikuwa anakiri jambo linalokaribiana na jinai. Sasa mhudumu anaweza kumhakikishia kwamba jibu lake litampeleka kwa daktari na halitampeleka kituo cha polisi.

Viwanda vya chai huitisha mikutano mikuu ya wakulima kila mwaka, na wanasiasa hawaikosi. Afisa wa afya ya akili wa kaunti apewe kiti mbele pale, na azungumze kabla ya mtu wa hesabu, wakati wakulima bado wamekaa na kusikiliza.